Kaimati za Posa

Shangazi yangu Khole, wa Ruwi, Maskati, hakuwahi kumwomba mtu radhi. Akikukanyaga, atakuuliza mguu wako ulikuwa unatafuta nini pale. Lakini mwaka 1998 alikuwa mpole mpaka anatia huruma. Mwanawe wa pekee, Yaarub, alishatimiza miaka thalathini na minne bila mke, na posa yake kwa Rahila ilikuwa na miezi mitatu haijajibiwa. Mama wa binti, Bi Wadha wa Qurum, kila akiulizwa husema, "Tutaona."

Siku Bi Wadha alipokubali kuja, Shangazi akakaanga kaimati. Shira ikaungua. Kwa hasira akavuta chupa kabatini, nzito, nyeusi, akadhani ni asali ya tende, akaimwaga yote juu ya kaimati. Nilionja moja: utamu kidogo, uchungu, harufu ya karafuu. Nani angemwambia?

Bi Wadha alikula sita kwa adabu. Shangazi naye nne. Mara Yaarub akarudi kutoka kazini hospitali, akaiona chupa tupu.

"Mama! Umemimina ile niliyopewa na nesi wa Guyana? Ile ya kupikia nyama, ya maji ya muhogo mchungu?"

Hakupata nafasi ya kuendelea. Sisi wenye asili ya Unguja hatuhitaji kuelezwa muhogo mchungu unafanya nini. Nyumba nzima ilipiga mayowe. Bi Wadha akajilaza zuliani, akaelekea kibla, akatoa shahada.

"Khole, nipe radhi. Nimekusengenya Maskati nzima. Na hiyo posa nshaikubali zamani, nlikuwa nakutesa tu. Rahila mwenyewe anamtaka."

Shangazi akapiga magoti, machozi yanamtoka.

"Nshakusamehe. Nisamehe na mie, Wadha. Nimekutukana sana."

Nililia, kwa kifo changu na kwa maneno yale.

"Jamani, huchemshwa mpaka sumu yote ikatoka!" Yaarub alifoka. "Wenyewe huko Guyana wanaila kila siku!"

Bi Wadha akaketi, akaweka sawa mtandio wake. Shangazi akaanza kukusanya sahani, hamtazami mtu. Nilijua kwa aibu ile posa imekufa.

"Nshasema, nshasema," alisema Bi Wadha. "Rahila ni wenu. Lakini siku ya harusi, Khole, jikoni usiingie."