Kadi ya Ozella na Magauni Meupe

Duka la Kessling lilimpunguzia Ozella Crump kikomo cha mkopo wa kadi yake kutoka dola elfu moja na mia tano hadi mia tatu, na hakuwa amekosa kitu. Kadi ile alikuwa nayo miaka kumi na tisa na hakuchelewa kulipa hata siku moja. Walimpunguzia mara tatu kati ya Januari na Aprili, na kila mara ilikuwa baada tu ya yeye kulipa. Lisemwe hilo kwanza, maana kanisani kuna watu walilisimulia vingine.

Ozella alikuwa mpishi katika shule ya msingi, upande wa magharibi wa Dayton. Shule yenyewe, ya kusoma, aliiacha darasa la nane huko Alabama, mama yake alipougua. Lakini mtu asidhani kwamba hakujua hesabu. Aliwapikia watoto mia tatu kila siku, na mwisho wa juma hakuna aliyewahi kumkuta na unga uliopungua wala maziwa yaliyoharibika. Alikuwa mnene kiasi, mwenye sauti ndogo, na alipofurahi aliimba puani bila kujijua. Mumewe Leotis alisema ukitaka kujua hali ya nyumba, usiulize, sikiliza pua ya mama.

Bili hakuzilipa kwa posta. Kila Ijumaa ya mshahara alipanda basi hadi Kessling, akapita manukato na mashuka, akaenda hadi kaunta ya nyuma karibu na vyoo, ambako Bi Janice alipokea malipo. Janice alikuwa mwanamke wa Kizungu, mwembamba, mwenye miwani ya kamba, na wawili hawa walikuwa wamezeeka pamoja pande mbili za kaunta ile. Ozella alitoa pesa, Janice alitoa risiti, wakaulizana habari za magoti, basi. Kwa hiyo bahasha za Kessling zilipofika nyumbani hazikufunguliwa. Za nini, wakati mwenyewe kesha kwenda kulipa? Zilitupwa kwenye droo pamoja na vitabu vya matangazo.

Kadi yenyewe ilikuwa na kazi kubwa kuliko masufuria na soksi. Ozella alikuwa mkuu wa wahudumu wa mlangoni kanisani kwao, mwaka wa tisa sasa. Hao ndio wanaosimama kwenye vijia vya kanisa, mkono mmoja mgongoni, glavu nyeupe, wanaokupeleka kwenye kiti bila kusema neno. Akiinua vidole viwili, mlango unafungwa. Akigusa bega, feni za mkono zinagawiwa. Na kila Jumapili ya tatu ya mwezi wa Mei ilikuwa Siku ya Wahudumu, ambapo wanawake wote kumi na mmoja waliingia kwa mwendo wa pamoja wakiwa na magauni mapya meupe, ya mshono mmoja, upindo inchi mbili chini ya goti. Ozella alizipima pindo kwa rula, na rula ile haikujua mke wa shemasi wala mjane.

Magauni hayo aliyanunua yeye, kwa kadi yake, kwa sababu mwenye kadi alipunguziwa bei. Kisha wenzake walimlipa kidogo kidogo hadi majira ya joto yaishe. Miaka minane mambo yalikwenda hivyo na hakuna aliyelia.

Mwaka ule wa 2009 nafasi kwenye kadi ilikuwa finyu. Kiwanda cha magari kilikuwa kimefungwa kabla ya Krismasi, Leotis akarudi nyumbani na kisanduku cha vifaa vyake, na juma lilelile mashine ya kufulia ikafa. Wakanunua nyingine, na Ozella akaingia mwezi wa Januari akidaiwa dola elfu moja na mia moja. Iliyobaki haikutosha magauni kumi na moja. Akaamua kukimbiza deni. Akachukua kazi ya kusafisha ofisi ya daktari wa meno siku za Jumamosi, na kila senti ya sabuni ile akaipeleka kwa Janice. Kufika Aprili alikuwa amebakiza mia mbili na hamsini. Akaimba puani juma zima.

Jumamosi ya pili ya Aprili wakaenda Kessling, wote kumi na mmoja. Walijaribu, wakacheka, wakazozana juu ya shingo ya mraba na shingo ya duara, wakachagua ya duara. Ozella akayalaza magauni juu ya kaunta, akatoa kadi. Msichana wa kaunta akaipitisha kwenye mashine. Akaipitisha tena. Akainamia skrini.

"Imekataa, mama."

"Ijaribu tena, mwanangu. Ina nafasi ya zaidi ya elfu moja."

"Ina dola hamsini."

Nyuma yao foleni ilikuwa imeota. Miongoni mwa wale kumi na mmoja alikuwepo Dada Lorraine Tibbs, karani wa ofisi ya bima, mwanamke wa pua ndefu na hereni za lulu, ambaye kwa miaka tisa alikuwa akisubiri ukuu wa wahudumu kama mtu anayesubiri basi lililochelewa. Akamgusa Ozella mkono, kwa upole, na sauti ikafika hadi upande wa duka wenye viatu vya wanaume.

"Labda ulisahau kulipa, mpenzi. Siku hizi hali ngumu, na mzee hana kazi. Hutokea kwa kila mtu."

"Kwangu haijatokea," Ozella alisema.

"Sisi ni dada zako. Hatuna haja ya kujua."

Wakayarudisha magauni kwenye vyuma vyake, moja moja. Kwenye basi hakuna aliyezungumza, na ukimya ule ulimuuma Ozella kuliko maneno, kwa sababu aliujua. Ni ukimya wa watu wanaongojea ushuke ndipo waanze.

Nyumbani Leotis alitoa bahasha kwenye droo, akavaa miwani, akasoma. Zilikuwa tatu. Ozella alipolipa hadi deni likawa mia nane na hamsini, walishusha kikomo hadi mia tisa. Alipofika mia tano na hamsini, walikishusha hadi mia sita. Alipofika mia mbili na hamsini, mia tatu. Kila barua ilianza na mteja wetu mpendwa.

"Wamekuachia hamsini kila mara," Leotis alisema. "Wana adabu hao."

"Nimesugua sinki za mate miezi mitatu ili nipate nafasi."

"Na nafasi wameichukua wao. Ulikuwa unawafagilia njia, mke wangu."

Dawa ya deni ni kulipa, ndivyo tulivyolelewa. Ozella alikuwa ameinywa dawa yote, hadi mashapo, na bado ugonjwa akapewa. Alikaa kwenye kiti cha jikoni hadi viazi vikaungua, jambo ambalo Leotis hakuwa amelishuhudia katika ndoa ya miaka thelathini na moja.

Jumatatu baada ya kazi alikwenda kwa Janice akiwa bado na kofia ya jikoni kichwani. Akazitandaza barua tatu kwenye kaunta.

"Niambie nilichokosa."

Janice alibofya, akasoma, akabofya tena. "Bi Ozella, hukukosa. Wanafanya hivi mji mzima." Akapiga simu makao makuu. Walingoja huku simu ikipiga muziki, wakahamishwa mara mbili, mwishowe mwanamume wa benki inayosimamia kadi, aliyekuwa jimbo lingine kabisa, akapatikana. Janice alimpa Ozella mkono wa simu.

"Siyo wewe, mama," yule mtu alisema. "Ni eneo. Eneo lenu limekuwa la hatari kwa kukopesha."

"Eneo halijawahi kuja kulipa hapa. Nimekuja mimi."

"Naelewa."

"Ungeelewa usingekata."

Akamrudishia Janice simu. Janice aliikata, akavua miwani, akasema polepole kwamba kuna wateja wanaolipa kiasi kidogo kila mwezi, tena kwa kuchelewa, wakatozwa faini na riba, na kadi zao hazijaguswa. "Hao wanailisha benki. Wewe huipi kitu cha kula."

"Hapo kwenye mashine yako, kunaonyesha nimechelewa mara ngapi?"

"Sifuri. Miaka kumi na tisa, sifuri."

"Nichapie."

"Haichapiki. Ukurasa huu ni wa wafanyakazi tu."

"Basi sema kwa sauti."

Janice aliangalia kushoto na kulia. Palikuwa na mzee anayerudisha taa ya mezani, na mama mwenye mtoto kwenye kigari. Akasimama, akashika ukingo wa kaunta, akasema kama anayesoma tangazo la kifo, "Mteja huyu, Ozella Crump, hajachelewa kulipa hata mara moja." Mzee wa taa akavua kofia. Ozella akashukuru, akaenda kupanda basi. Ilikuwa faraja, lakini walioisikia hawakuwa wale kumi.

Jumanne usiku simu ililia, ni Dada Tibbs.

"Nimewaza, mpenzi. Kadi yangu ya Kessling ina elfu tatu. Hawajanigusa. Nitawanunulia magauni wote, Siku yetu isiharibike."

Ozella alijua jinsi Lorraine Tibbs alivyolipa bili. Kanisa zima lilijua, kwa sababu kila mwezi aliazima ishirini kwa mtu kulipia faini za kuchelewa.

"Unataka nini, Dada?"

"Mimi? Nitake nini? Ila watu wameanza kuuliza kama mtu asiyeweza kusimamia kadi anaweza kusimamia mlango. Siyo mimi. Watu."

"Waambie watu tutaonana Alhamisi mazoezini."

Hakulala vizuri. Akikubali, magauni yatakuwepo na jina lake halitakuwepo. Akikataa, Siku ya Wahudumu haitakuwa na magauni, na jina lake litakwenda vilevile. Alfajiri aliamka, akavaa koti lake la jikoni, jeupe, lenye vifungo vya kitambaa, akajiona kwenye kioo cha bafuni. Alisimama pale hadi Leotis akagonga mlango kuuliza kama amefia humo.

Alhamisi aliwakusanya kwenye chumba cha chini cha kanisa. Hakuficha kitu. Aliweka barua tatu na risiti zake mezani, akasema asomaye asome. Dada Maxine, msaidizi wa wauguzi, akazisoma kwa sauti, tarehe na kiasi, na alipofika barua ya tatu akaguna kwa namna ambayo haiandikiki.

"Magauni mapya mwaka huu hakuna," Ozella alisema. "Si kwa kadi yangu wala ya mtu mwingine. Kila mtu avae nyeupe yake ya kazi. Ifuliwe, ipigwe pasi hadi isimame yenyewe. Nyeupe iliyotulisha kabla ya Kessling, ndiyo itakayotupeleka mbele."

"Yangu ina nembo ya hoteli," mmoja akasema.

"Mungu anaijua hoteli hiyo?"

"Sijui, lakini meneja wangu hajawahi kumtaja."

Wakacheka, na kicheko kile kikavunja ukimya wa basi. Wakaanza kuhesabu: wauguzi wawili, wa kufua hospitalini watatu, mwoka mikate, mwenye saluni, wa hoteli wawili, mpishi. Kumi.

"Mimi ofisini navaa sketi ya kijivu," Dada Tibbs alisema.

Ozella alimtazama kitambo, na ikiwa alifurahi, mwacheni afurahi. "Nina koti la pili la jikoni," akasema. "Litakuwa pana mabegani. Nitalipunguza."

Jumapili ya tatu ya Mei waliingia kwa mwendo wa pamoja. Pindo zilikuwa za kila urefu, kola za kila namna, na rula ilikuwa imeachwa nyumbani. Mama mmoja mzee wa kiti cha mbele, aliyewahi kufua mashuka ya watu miaka arobaini, alisimama walipopita, kisha safu yake ikasimama, kisha kanisa. Mwishoni mwa mstari alikuja Lorraine Tibbs na hereni za lulu na koti la mpishi wa shule, na alitembea vizuri. Ozella akainua vidole viwili, mlango ukafungwa. Baada ya ibada walikula kambare wa kukaanga na makaroni ya jibini, na wahudumu, kwa kuwa walikuwa wamevaa nguo za kazi, hawakuogopa mafuta. Ozella alikula sahani mbili. Leotis aliapa kwamba aliisikia pua yake kutoka meza ya mashemasi.

Mwaka uliofuata walichagua kuvaa vilevile, na ukuu haukuzungumzwa tena. Leotis alipata kazi ya kufunga milango ya karakana, nusu ya mshahara wa zamani, na ikatosha. Ile mia mbili na hamsini Ozella aliimaliza Juni, mkononi mwa Janice. Kwa hiyo Kessling haimdai kitu.

Yeye ndiye anayedai. Dada Tibbs alirudisha koti likiwa limefuliwa na kupigwa pasi, lakini yale aliyoyasema kwenye kaunta mbele ya wenzake tisa na foleni nzima hajayafuta, na wenzake hao bado wako hai wa kuyasikia yakifutwa. Na duka la Kessling, pamoja na ile benki yake ya mbali, wanadaiwa karatasi moja yenye maneno haya: Ozella Crump hakuchelewa kulipa. Ameshaiomba mara nne, kwa barua za mkono wake mwenyewe.