Ordinatere Iliyofunga Soko

Msinicheke kabla sijamaliza. Wakati wa vita, hapa Rumonge duka moja likifunga ghafla, soko zima linakimbia bila kuuliza.

Mimi ndiye niliyetengeneza programu ya ordinatere, yaani kompyuta, ya ofisi yetu ya mawese. Nikaiwekea onyo la jioni: "Fungeni! Rudini nyumbani haraka!" Amri yake niliipachika kwenye kidirisha cha saa, itekelezwe pale kidirisha kinapofunguka, nacho hufunguka kila ordinatere inapowashwa. Sikuiambia iangalie kwanza ni saa ngapi. Nilikuwa nimeijaribu jioni, ikafanya vizuri, nikajisifu.

Asubuhi yake nilitoka kununua chai sokoni. Mara namwona patron wangu, bosi wa ofisi, anakimbia, viatu mkononi. Wamama wauza samaki wa mukeke wakabeba mabeseni yao, nami nikatupa chai, nikawapita wote. Tulipojibanza kwenye michikichi nikamnong'oneza, "Patron, wametokea upande gani?"

"Sijui!" akajibu akihema. "Nimewasha ordinatere yako tu, ikasema tufunge, turudi nyumbani!"

Wamama wote wakanigeukia. Mungu anisamehe, nilitamani sana tusikie risasi, hata moja tu.