Samaki Niliyemgawa Kabla Hajatoka Majini

Wiki nzima nilikosa usingizi kwa swali ambalo naona aibu hata kuliandika: ninunue fimbo nyepesi ya kuvulia samaki, au ile nene? Nina shahada (ya mipango, kama mnataka kucheka zaidi), nimerudi Ifakara bila kazi, nimepanga chumba Lipangalala na naishi kwa kufundisha watoto tuisheni. Kuna siku napiga mluzi chumbani ili tu nisikie sauti. Rafiki pekee niliyebaki naye ni Joakimu, tuliyesoma naye shule ya msingi, ambaye sasa ni mvuvi na hana muda wa kupiga soga. Ndipo siku moja akanitumia ujumbe, "Jumamosi twende mtoni tukavue kidogo," na mimi badala ya kujibu "sawa" kama watu wenye akili zao, nikaanza utafiti.

Niliangalia video za watu wa maziwa makubwa wakiwa ndani ya boti, fimbo zimeegemezwa ukingoni, boti inakwenda na chambo cha plastiki kinakokotwa nyuma. Nikachora hadi jedwali. Dukani Mlabani nikakuta seti mbili za bei ninayoimudu. Ya kwanza fupi, laini, yenye rili ndogo (rili ni kile kigurudumu cha kukunjia mshipi) na mshipi mwembamba. Ya pili ilikuwa imeshatumika, nene kama mpini wa jembe, rili kama kopo la maziwa, na mshipi wa kusokotwa ambao muuzaji aliapa kwamba unavuta hata pikipiki.

"Ndiyo unaanza?" akaniuliza.

"Ndiyo, kaka."

"Basi chukua hii ndogo. Hiyo nyingine ni ya kukokotea chambo nyuma ya boti ya injini. Una boti?"

"Bado."

(Hiyo "bado" inaniuma mpaka leo.) Alikuwa ananishauri bure, lakini mimi nilikuwa nawaza: je, ile ndogo ikikatika samaki akiwa ameshanasa, Joakimu akanicheka, asinialike tena, Jumamosi zangu zote zilizobaki duniani nitazitumia na nani? Nikachukua nene.

Jumamosi pale kivukoni, watu wakisikia, Joakimu aliiangalia akashika kiuno. "Deo, unakuja kuvua au kufunga meli?"

Tukaingia mtumbwini, yeye akisukuma kwa pondo, mimi nimekaa nyuma nikikokota chambo changu chenye ndoano tatu. Rili ina breki, na ukiilegeza kidogo, kitu kikivuta kwa nguvu mshipi unatoka wenyewe bila kuvunja kitu. Hilo nilikuwa nimelisoma. Lakini kwa hofu ya kumpoteza samaki niliikaza hadi mwisho. Joakimu akaniambia, "Tukikaribia zile chupa zinazoelea, kunja mshipi, kuna nyavu za watu." Nilimsikia kabisa, na nikaitikia, ila kichwani nilikuwa bado najiuliza kama breki nimeikaza vya kutosha.

Fimbo ikapinda. Nikapiga yowe ambalo sikujua ninalo, na watu waliokuwa ukingoni wakisubiri samaki wakageuka, akina mama na mabeseni yao, waendesha bodaboda, wote. "Deo kanasa! Shikilia, Deo! Kambale huyo!" Naomba mnielewe hapa. Tangu nirudi, hakuna mtu aliyekuwa ameliita jina langu kwa sauti, ukiondoa watoto wa tuisheni wakiomba ruhusa ya kwenda chooni. Sasa lilikuwa likiitwa na ukingo mzima, na kichwa kikavimba, nikajibu kwa sauti ya mgombea udiwani, "Msiondoke! Kila mtu atapata kipande!"

"Mimi kichwa!" mama mmoja akadakia.

"Kichwa chako, mama!"

"Deo, legeza," Joakimu akasema taratibu.

"Silegezi!"

"Deo, huyo samaki mbona hapigi mkia?"

Nikavuta. Ukatoka wavu, umechanika tundu la kupita mbuzi, na ndani yake perege wawili wadogo na ndala moja ya kushoto. Kicheko kikaanza kwenye mabeseni kikapanda hadi kwenye bodaboda.

Mwenye wavu akasogea hadi majini. Alikuwa Mama Sesilia, yule yule aliyeomba kichwa.

"Shikamoo, mama," nikasema, wavu wake ukichuruzika mapajani mwangu.

"Marahaba. Haya, gawa. Kila mtu kipande, si ndiyo?"

Pale kivukoni, ukichana wavu wa mtu kwa bahati mbaya hutozwi hela, unakwenda kwa mwenyewe mnakaa mnaushona pamoja hadi tundu lifunge. Kwa hiyo akaniambia tu, "Jumatatu asubuhi. Uje na vidole vyako."

Jumatatu sikwenda. Jumanne nikaandika maneno ya kuomba radhi, nikayafuta. Jumatano nikajifanya naumwa, ingawa hakuna aliyekuwa akiniangalia, na ndipo nikaelewa jambo lililonitisha kuliko aibu: ningeweza kukaa mle ndani mwezi mzima na asitokee wa kugonga mlango. Mtu pekee duniani aliyekuwa akinisubiri mahali ni yule niliyemchania wavu. Na kama ningenunua ile seti ndogo, mshipi ungekatika palepale na mambo yangeishia hapo.

Sitanunua tena kitu kwa kuogopa kuchekwa. Alhamisi nikang'oa rili kwenye fimbo, nikatembea hadi kivukoni. "Kipande huyo!" bodaboda mmoja akaita. Nikampungia mkono.

Mama Sesilia alikuwa ameutandaza wavu chini, anashona peke yake. Hakuinua macho.

"Umechelewa siku tatu."

"Nisamehe, mama. Nimekuja na uzi."

Akaupima ule mshipi kwa meno, haukukatika. Akasogea kidogo kwenye mkeka, akanipa sindano ya nyavu. Nikalegeza breki ya rili hadi mwisho, nikavuta pima ya kwanza, nikakata, nikakaa.