Sauti Mbili Kwenye Njia Moja

Mume wangu alikuwa mwalimu wa shule ya msingi pale Kibiti, na chumba chetu cha pili alikifanya cha muziki. Ukutani alitundika mikeka kuzuia mwangwi. Kinasa sauti alikinunua kwa mgeni mmoja mjenzi wa barabara aliyekuwa anafungasha kurudi kwao. Kilitumia kaseti za kawaida, zile zilizojaa madukani biashara ilipofunguliwa, lakini kiliugawa mkanda njia nne: gitaa likae njia yake, ngoma yake, na kila mwimbaji yake. Kiliendeshwa kwa betri ya gari. Mchana wa joto nilikuwa nalala mlangoni mwa chumba kile, nikausikia mkanda ukizunguka na kule kuvuma kwake kwa chini, na mara nyingi sikujua kama wimbo nauota au unapigwa.

Dada yangu mkubwa alikuwa akija kututembelea kutoka Maparoni, tulikozaliwa, akishuka na mchele na samaki wa kukausha. Utotoni tulikaa pamoja kwenye dungu, kibanda cha juu ya nguzo katikati ya mpunga, tukiamia ndege wasiule. Kuimba kulikuwa sehemu ya kazi. Yeye anaanza, mimi naitikia, na sauti zinakwenda juu ya majani na maji mpaka hujui zimeishia wapi. Wimbo mmoja alitufundisha mama. Mume wangu aliupenda, akatuomba tuuimbe kwenye mashine yake.

Tuliimba asubuhi nzima. Njia nne zikajaa, naye akawa bado anataka gitaa la pili.

"Nafasi imekwisha," alituambia. "Itabidi niziunganishe sauti zenu kwenye njia moja. Lakini mjue, zikishachanganyika hazitengani tena. Za mwanzo nazifuta."

Dada akacheka. "Shemeji, sisi mama alishatuchanganya zamani. Unganisha."

Watu waliisikia ile kaseti, wakainakili, na wengine wakainakili kutoka kwa hao. Ikapigwa harusini Kibiti, ikafika hadi Mkongo.

Halafu mama akaugua. Nilimleta Kibiti kutibiwa, masika yamepamba moto, naye akafariki Ijumaa alfajiri. Tulituma habari Maparoni, lakini boti hazikuwa zinatoka. Wazee wa msikitini waliniuliza kama tungoje. Nikasema azikwe. Dada alifika kesho yake alasiri, nguo zimemganda mwilini kwa mvua, akakuta kaburi limeshafukiwa.

"Ungeningoja," alisema. Akageuka na gari lililomleta, na miaka minne hakukanyaga kwangu. Nilituma salamu, hazikujibiwa. Miaka hiyo naikumbuka kama kitu nilichokiona kupitia chandarua.

Siku moja mwanamke wa Maparoni aliyeuza samaki sokoni alinishika mkono.

"Dada yako anasema sauti yake itolewe kwenye ile kaseti. Hataki kusikika pamoja na wewe."

Nilimweleza mume wangu. Mkanda usingeweza kututenganisha. Lakini wakati huo alikuwepo fundi aliyewahi kuwa mwanafunzi wake, amerudi kutoka Dar es Salaam na kompyuta, akirekodi kaswida na kwaya katika chumba cha kupanga. Tulimpelekea mkanda mama, ule wa kwanza uliozaa nakala zote. Aliingiza njia zote nne, zikatokea kwenye kioo kama michirizi ya maji kwenye mchanga. Magitaa mawili na ngoma kila kimoja na mchirizi wake. Sisi wawili, mchirizi mmoja.

"Hapa siwezi, mwalimu," alisema. "Ila waimbe upya juu ya vyombo hivihivi, kila mtu siku yake. Hawana haja ya kuonana. Asiyemtaka mwenzake nitamfuta kwa kidole."

Ujumbe ukaenda Maparoni. Sikutegemea kitu, lakini dada alikuja. Alipita mbele ya nyumba yetu bila kuingia, akaimba, akarudi. Mimi siku hiyo nilijipeleka Dimani kwa shoga yangu, kama tulivyokubaliana na fundi.

Siku yangu ilipofika, fundi alinivalisha spika za masikioni, nikamsikia dada. Sauti ilikuwa safi mno, bila kule kuvuma kwa mkanda, karibu kiasi kwamba nilisikia akimeza mate. Alianza, akanyamaza. Akaendelea, akanyamaza.

"Nilimwambia aimbe na sehemu za kuitikia," fundi alisema, "akanijibu hizo si zake. Ukitaka naweza kuinakili sauti yake niijazie hapo, ajiitikie mwenyewe."

"Usijaze," nilimwambia.

Nikaimba kwenye zile nafasi. Mwili wangu ulikuwa pale Kibiti kwenye kiti cha plastiki, lakini nilihisi upepo wa mpunga miguuni, na machozi yalishuka bila kuiharibu sauti. Mume wangu aliposikiliza alisema hakuna kosa hata moja, ila tunaimba kama watu wanaongea kupitia ukuta. Hata mimi nilipenda zaidi ule mkanda. Lakini mkanda ungetutaka tukae chumba kimoja, na tusingekaa.

Dada hakuwa na mashine ya sidii, kwa hiyo tulirudisha wimbo kwenye kaseti na nikaupeleka mwenyewe. Alinikaribisha kama mgeni, akanipa maji, akaweka kaseti kwenye redio. Tulisikiliza bila kutazamana.

"Hapo umechelewa," alisema katikati.

"Sikukuona. Nilikuwa nakukisia."

Akazima redio. Nje maji yalikuwa yakijaa chini ya mikoko.

"Nani alimwosha?"

"Mimi. Na jirani yangu mmoja."

"Alinitaja?"

"Usiku wa mwisho aliniita kwa jina lako. Nikaitika."

Kisha akaanza kuuliza mengine: alikula nini mara ya mwisho, sanda ilinunuliwa wapi, alilalia ubavu gani alipokuwa mgonjwa. Nilimjibu yote, mpaka boti niliyokuja nayo ikaondoka bila mimi.

Baada ya mavuno alikuja Kibiti, akakaa kwangu siku tisa.