Mwanya wa Mama kwenye Kadi

Mama hakujua kucheka mbele ya kamera. Ukimwelekezea simu tu, papo hapo alikaza shingo, akafumba mdomo, akakutazama kama yuko kwa chifu anasubiri kitambulisho. Picha zake zote ziko hivyo, hata ile ya siku niliyohitimu, ambayo sisi watoto tulimtania kwamba anaonekana amekamatwa. Na alivyokuwa mcheshi! Alikuwa na mwanya kwenye meno ya juu, na akicheka pale kibandani kwake mtaa wa Tena, mtu aliyekuwa akijipitia zake alisimama akaitisha chapati. Kicheko hicho kilibaki mahali pamoja tu duniani, kwenye mchoro wa penseli niliouchora mimi mwenyewe, na mchoro huo haukuwa wangu.

Nilikuwa mchoraji katika kampuni ndogo ya michezo ya mezani huko Industrial Area, ghorofa ya juu, chini yetu watu wakigonga mabati kutwa. Tulikuwa wawili wa kubuni. Mimi nilichora, na mwenzangu, mwanamke wa Kakamega mwenye sauti ya kwaya, aliandika sheria za mchezo na maneno ya kwenye kadi. Mchezo uliotupa jina ulikuwa wa maisha ya mtaani. Kulikuwa na kadi ya fundi viatu, ya kinyozi, ya wazee wa drafti, na ya mama wa chapati.

Tulikuwa na utaratibu wetu. Hatukuchora mtu ambaye hajaja kuketi. Tulimtoa mtaani, tukamkalisha kwenye kigoda kando ya dirisha, mimi nikashika penseli, na mwenzangu akaanza kumdanganya. Jamani, yule mwanamke alijaliwa uongo! Fundi viatu aliambiwa serikali imeamuru watu watembee peku kila Jumatatu, na mzee wa watu akasimama na kigoda mkononi akitaka kujua ni nani aliyeamuru. Mtu akishasahau kwamba anachorwa, hapo ndipo nilipoanza kuchora.

Siku ya kumchora Mama, alikuja na gauni lake la kanisani, shingo imekazwa tayari. Nikamkonyeza mwenzangu, yaani, huyu humuwezi. Akamwinamia Mama, akamnong'oneza kitu sikioni. Mama akaruka. "Woi! Wewe msichana wewe, utachomeka!" Halafu akacheka, akacheka mpaka akavua kitambaa cha kichwa akajifutia machozi. Mkono wangu ulikwenda mbio siku hiyo. Niliupata mwanya, nikayapata na yale mashavu.

Hakukaa sana baada ya hapo. Tulimpeleka kwetu Ukambani tukamzika, nikarudi kazini, na kila nilipomtamani nilifungua kabati la ofisi nikamtazama.

Kisha asubuhi moja bosi akatuletea mandazi. Nilipoona mandazi nikajua tumekwisha, maana mtu huyo hakuwahi kutununulia hata njugu. Akasema siku hizi akili bandia inachora kadi nzima kabla chai haijapoa, na maneno inaandika yenyewe, na kampuni haina budi. Alikuwa mpole, na upole wake ndio ulionikera zaidi. Afadhali angetufokea nimjibu. Nilimwomba mchoro wa Mama, ule mmoja tu. Akasema michoro yote ni mali ya kampuni, tulitia sahihi. Tukaondoka na vikombe vyetu vya chai.

Mwenzangu alirudi kwao Kakamega. Mimi nikabaki Tena, nachora vichwa vya wanawake kwenye kuta za saluni. Kazi ni kazi, lakini nilikosa mtu wa kufanya naye kazi. Nilitamani ile meza yetu yenye madoa ya wino, tukigombana kama mchezaji aliyenaswa apoteze zamu au alipe kadi. Nilitamani hata makelele ya wale wa mabati. Nilimtamani Mama, na kumwona ilikuwa lazima nipite kwa mtu aliyenifuta kazi.

Mwishowe akapiga simu yeye. "Niaje, msanii?" Ati msanii! Toleo jipya lilikuwa tayari, lakini walioonyeshwa kadi mtaani walikuwa wanazicheka. Akaniomba nikazirekebishe, na nikimaliza nichukue mchoro wa Mama. Nilifika kabla ya mlinzi kufungua lango.

Kweli zilichekesha. Mashine ilikuwa imeweka jiko la makaa juu ya meza ya mbao, na chapati zimefura kama skonzi. Wazee wa drafti walikuwa wanacheza kwa vifuniko vya soda, sawa, lakini vyote vimelala chali. Kwetu mmoja hucheza na vya chali, mwenzake na vya kifudifudi. Sasa hapo nani anamla nani? Nilifurahi, sikatai. Nikageuza vifuniko, nikateremsha jiko, nikazipiga chapati zikalala.

Kisha akanifungulia kadi ya mama wa chapati. Alikuwa mwanamke nisiyemjua, kijana, wa kitenge kinachong'aa. Ila mdomo niliujua. Mashine ilikuwa imelishwa michoro yangu, na katikati ya uso wa mtu baki, mwanya wa Mama ulikuwa unanichekea.

"Hapo kwenye meno imekosea," bosi akasema. "Imeacha pengo. Lizibe hilo tumalize."

"Hilo si kosa. Huo ni mwanya wa mama yangu."

Akaitazama kadi upya. Si mtu mbaya, na chapati za Mama alikuwa amezila. "Pole," akasema. "Lakini mnunuzi wa ng'ambo atajuaje?"

"Mimi siuzibi. Baki na mchoro wako."

Nilisema hivyo nikainuka, ingawa nilikuwa nimeutaka mchoro ule kuliko kazi yenyewe. Yeye hakubisha. Alivuta kompyuta upande wake, akaandika maneno machache, na kabla sijapata mkoba wangu meno yakawa yamefungana. Mashavu nayo yakashuka, shingo ikanyooka. Yule mwanamke wa kwenye kadi naye sasa alikuwa anasubiri kitambulisho. Bosi akafungua kabati, akanipa mchoro.

"Chukua tu," akasema. "Hatuuhitaji tena."

Nilifika nyumbani, nikautundika jikoni, nikampigia mwenzangu. Nilisikia kuku wake wakilia nyuma. Nikamwambia nimempata Mama, akapiga vigelegele. Ndipo nikamuuliza alimnong'oneza nini siku ile.

"Haki ya Mungu, sikumbuki."

"Jaribu basi."

Akajaribu. Labda ilikuwa habari ya padri, au ya mpika pombe wa kwao, au ya mimi mwenyewe. Kila moja tuliipima, na hakuna iliyotosha. "Nilidanganya watu wengi mno, dadangu," akasema.

Sasa nikikanda unga asubuhi namtazama pale ukutani. Anacheka mpaka machozi yanamtoka, na hakuna aliyebaki anayejua ni kwa nini.