Nilimwaga Amana ya Babu

Mwenye kosa ni mimi. Si babu, wala si uzee wake. Mimi! Niacheni niseme hapa, maana nyumbani nimesema na sikusadikiwa.

Kwetu ni Khuwair ya Kusini, hapa Maskati. Nimemaliza chuo, kazi bado, na kichwa changu hakipumziki. Jambo dogo nalifikiria mpaka silali. Nyumbani wananiita Bi Shahada.

Babu yangu alikuwa mtunza amana wa mtaa mzima. Watu wakisafiri walimwachia funguo, dhahabu, hati za nyumba. Vyote aliviweka stoo kwake, na kiyoyozi cha stoo hakizimwi mwaka mzima. Mama alikuwa akimtania: "Sisi tunaungua na joto, tende zako zinalala kama bwana harusi!"

Wiki ya posa yangu nilitumwa tende stoo. Nyuma ya makopo nikaona sanduku la mbao, ndani yake chupa imelazwa, imeviringishwa kikoi. Divai! Divai ya mapovu, ya Marekani, ya mwaka ambao mimi sijazaliwa.

Nikatafuta jina lake kwenye simu. Shamba dogo la mizabibu la California, chupa chache mno, zililazwa miaka mingi kabla hata ya kuuzwa. Watu wanaisaka hawaipati, nayo iko kwa babu yangu anayeswali safu ya mbele!

Basi kichwa kikaanza. Babu anakunywa? Wageni wakiiona? Posa ikivunjika? Nikipata kazi serikalini, kisha wajue? Kumuuliza mwenyewe, hapana. Niliona haya.

Nikaingia nayo bafuni. Kizibo kiliruka, nusura nizimie. Ikatoka na rangi ya asali, inanukia mkate wa moto. Nikaimwaga yote. Yale mapovu yakifia kwenye tundu la maji nayasikia mpaka leo, hata mtu akifungua soda. Nikachoma ubani, chupa nikaenda kuitupa mbali.

Posa ikapita salama. Siku chache baadaye babu akaniita. "Bi Shahada, njoo nisomee barua ya Kizungu."

Ilitoka kwa binti wa mhandisi wa Kimarekani aliyefanya kazi na babu zamani. Baba yake amefariki. Shamba la ukoo wao limeungua, chupa zote zimekwenda na moto. Anakuja Maskati na meli ya watalii. Je, ile chupa aliyoiacha baba yake, siku aliyoitwa kwao ghafla, bado ipo?

Babu akacheka kwa furaha. "Nnayo! Haramu kwangu kuinywa, lakini neno langu nilimpa. Alinambia ilaze pahala pa baridi, nikailaza."

Akaenda stoo. Nikamsikia anasogeza makopo, anasogeza tena. Nikasimama mlangoni.

"Nimeihamishia wapi mie?"

Jibu lilikuwa mdomoni mwangu. Nikasema: "Labda umesahau, Babu."

Maneno matatu tu!

Meli ilipofika, Bandari ya Sultan Qaboos nilikwenda na babu, mimi ndiye mkalimani. "Mwambie nimeikhini amana ya baba'ke. Akili yangu imeniacha." Nikatafsiri! Yule mama wa Kimarekani akamshika mkono, akalia, akasema haidhuru. Babu hakuinua macho.

Aliporudi aliwarejeshea watu funguo na dhahabu zao. "Tafuteni mwengine. Mimi sijiamini tena." Na kila baada ya Alasiri huingia stoo, akapapasa rafu kwa kiganja, akatoka mikono mitupu.

Mwezi uliopita nilishindwa. Nikampigia magoti, nikamwambia yote: bafuni, kizibo, ubani. Alinisikiliza mpaka mwisho, akanipapasa kichwa.

"Allah akubariki, mwanangu. Unanisitiri uzee wangu."

"Babu, wallahi ni mimi!"

"Usiape. Usiape uongo kwa ajili yangu."

Jamani, mkikuta kitu msichokielewa katika nyumba ya mtu mnayempenda, muulizeni. Haya ya kuuliza ni ya dakika moja! Na mkishakosea, semeni siku ile ile, angali anaweza kuwakasirikia. Babu yangu hajanikasirikia mpaka leo.

Alasiri imeshaswaliwa. Huyo, anafungua mlango wa stoo.