Nyumba Nzima Inaumwa Isipokuwa Mimi

Nilipoolewa mjini, mwanzoni mwa miaka ya tisini, shangazi yangu wa Kikwajuni, ambaye ndiye aliyenilea, alinivuta chumbani akafunga mlango.

"Mwanangu, kula nao sinia moja. Wanachokila wao hakitakudhuru. Lakini maji ya mtungi wao usiyaguse mpaka uwajue. Kwenye maji mtu hutiliwa kitu asijue."

Alikuwa na sababu zake. Sisi ni watu wa Tumbatu, wavuvi na wachuuzi wadogo. Wakwe zangu asili yao Arabuni. Zamani walikuwa na mashamba, na mashamba yalipokwenda walibaki na nyumba ya mawe Mji Mkongwe, na ile namna yao ya kumtazama mtu kuanzia miguuni. Mama mkwe hakuitaka ndoa ile. Aliikubali kwa sababu mwanawe, fundi redio, alikataa katakata kuoa kwengine.

Basi nikafanya nilivyoambiwa. Kila asubuhi nachemsha maji, napika chai ya mkandaa bila maziwa, najaza chupa ya chai, napanda nayo chumbani. Kiu ikinishika, nakunywa hiyo. Mtungi wao ulikaa ukumbini na kata ya kuchotea juu yake. Bomba likikauka, na lilikauka mara nyingi, ulijazwa maji ya kisima cha uani.

Mwaka haukwisha, wifi yangu mdogo aliyekuwa bado skuli akashikwa na homa. Akapewa dawa za malaria, zisifue dafu. Homa ilipanda kidogo kidogo, kichwa kikamgonga, tumbo likamsokota, chakula akakichukia. Kabla hajapata nafuu, mume wangu naye akalala.

Mimi nilikuwa mzima. Nafua, napika, napandisha uji ghorofani, nashuka. Na kila nilipoingia mahali, maneno yalikatika.

Siku moja nilikuwa uani naanika nguo, nikamsikia mama mkwe dirishani anazungumza na jirani.

"Tangu aingie huyu, nyumba haina afya. Na yeye hata mafua hayampati."

"Hao watu wa huko wana mambo yao," jirani akajibu.

Nikaendelea kuanika. Kwa nini niseme? Hata mimi nilikuwa na yangu moyoni. Nilimwangalia mama mkwe anavyowachotea wanawe maji mtungini, nikajiuliza: mama gani huyu? Au kitu kile kilikusudiwa mimi, kikawapata wao?

Kutoka siku hiyo alinifuata jikoni. Akinusa mchuzi, akinikodolea macho nikitia chumvi. Nikipakua, husema, "Onja wewe kwanza." Naonja. Anangoja kidogo, ndipo anapeleka sinia. Halafu siku nyengine akaiona chupa yangu.

"Wewe ukila, chai; ukishakula, chai. Maji yetu yana nini?"

"Nshazoea chai, Mama."

"Umezoea," alirudia, akaondoka. Nilijua hakuniamini, kama nami nisivyomwamini.

Wiki haikupita akaanguka yeye. Alikuwa na kisukari cha siku nyingi, na maradhi yalimkamata vibaya kuliko wanawe. Midomo ilimkauka ikapasuka. Nilimletea kikombe cha chai iliyopoa, akageuza uso ukutani.

"Mpe mwanangu anipe."

Mwanawe alikuwa hata kusimama ni kwa shida. Nikakaa ukingoni mwa kitanda, nikanywa nusu mbele ya macho yake, nikamsogezea nusu. Alikitazama kikombe. Kisha akanywa. Nilipomwinua kichwa nilihisi shingo yake inavyowaka.

Jioni ile tulimpeleka hospitali, na wifi yangu pia, mume wangu akijikongoja nyuma. Daktari, mwanamke mpole asiye na haraka, aliamuru wapimwe damu na choo. Majibu yalipotoka akasema ni homa ya matumbo, wote watatu.

"Vidudu vyake hutoka kwenye choo cha mgonjwa vikaingia mdomoni mwa mtu, kwa maji au kwa mikono," alisema. "Mwili una kinga yake, unapigana. Lakini sukari ikipanda kinga hudhoofika, ndiyo maana mama kaumwa zaidi. Nani mwengine nyumbani?"

"Huyu," mama mkwe alisema kutoka kitandani, akininyooshea kidole. "Yeye haumwi."

Daktari akanigeukia. "Kuna mtu huwa navyo vidudu hivi na asiumwe, akawaambukiza wengine kwa chakula anachopika. Lazima tukupime na wewe."

Sijapata kuona uso wa mgonjwa ukinawiri kama wa mama mkwe dakika ile. Mpaka majibu yangu yatoke, nilikatazwa jiko. Tukapikiwa na yule jirani wa dirishani, na hata mume wangu, nilipomgusa paji la uso, alisogea kidogo. Kidogo tu, lakini niliona.

Nami nikaanza kujishuku. Nalala nikijiuliza kama kweli ni mimi, kama nimebeba kitu tumboni bila kujua.

Majibu yalitoka. Sina kitu. Daktari akanitazama juu ya miwani.

"Wewe unakunywa maji gani?"

Mume wangu alikuwa pale, na mama yake pale.

"Chai tu. Maji ya mtungi siyanywi."

"Kwa nini?"

Sikujibu. Mama mkwe alifumba macho, na nikaona amefahamu. Daktari naye nadhani alifahamu, maana hakuuliza tena. Alisema tu, "Basi yaliyochemka ndiyo yaliyokuokoa."

Bwana afya akaja nyumbani. Alizunguka uani, akachungulia kisima, akauliza karo la choo, lile shimo la majitaka, la nyumba ya pili liko wapi. Lilikuwa nyuma ya ukuta, hatua chache tu, nalo limepasuka. Karo likazibwa, kisima kikatiwa dawa. Tukaambiwa maji ya kunywa yachemshwe, hata ya kuoshea kachumbari, na mikono ioshwe kwa sabuni kila mtu atokapo chooni na kabla ya kushika chakula. Na vidonge vimalizwe vyote, hata mtu akijiona mzima.

Walipona. Mama mkwe alirudi mwembamba, akapunguza halua, akaanza kutembea kila asubuhi mpaka Forodhani kwa ajili ya sukari yake. Samahani hakuniomba, nami sikumwomba. Jikoni aliendelea kunifuata, ila sasa alikuwa akiiangalia mikono yangu.

Mwanangu wa kwanza alipozaliwa, yeye ndiye aliyesimama mlangoni mwa chumba cha uzazi akiwazuia wageni. Shangazi yangu alitoka Kikwajuni na kanga mpya mkononi, akaulizwa, "Umenawa?" Akarudishwa bombani, akinuna.

Kisha mama mkwe mwenyewe akanyoosha mikono ampokee mjukuu wake. Sikumpa.

"Na wewe, Mama? Umenawa?"

Alinitazama vilevile alivyonitazama siku ile ya kwanza, kuanzia miguuni. Halafu akageuka, akaenda kutafuta sabuni.